Waislamu walioikomboa Ufaransa, na sinema iliyowakumbuka

KILA mwaka ninapofika kwenye mada ya vita vya Uhud darasani, hukutana na jambo lile lile. Nikimtaja Sayyidna Hamza bin Abdul-Muttalib (ra), ami yake Mtume (saw), wanafunzi wengi huwa tayari wanaye vichwani mwao. Wanazijua ndevu zake, wanajua anavyokaa juu ya farasi, wanaijua hata sauti yake. Ukiwachunguza utakuta sura waliyonayo si ya Hamza bali ni ya Anthony Quinn, mwigizaji wa Marekani mzaliwa wa Mexico, aliyepewa nafasi hiyo katika filamu ya "The Message" iliyotengenezwa na Moustapha Akkad mwaka 1976. Miaka michache baadaye Akkad akamchukua mwigizaji huyo huyo akawa Sheikh Omar Mukhtar katika "Lion of the Desert". Kwa hiyo shahidi wa Uhud wa mwaka wa 3 Hijria na mzee aliyenyongwa na Wataliano huko Libya mwaka 1931 wana sura moja katika akili za vijana wetu.

Simlaumu Akkad, aliyefariki kutokana na milipuko ya mabomu ya mahotelini mjini Amman mwaka 2005. Alifanya kazi ambayo matajiri wengi wa Kiislamu hawakuthubutu kuifanya. Wala leo sizungumzii hukumu ya kutazama sinema. Hilo waulizwe masheikh. Ninalotaka kulionesha ni nguvu ya picha. Mwanafunzi anaweza kusoma sira mihula mitatu akasahau nusu, lakini alichokiona kwenye kioo kwa saa tatu hakimtoki.

Sasa ikiwa sinema inaweza kumpa sura mtu ambaye habari zake zimejaa vitabuni, je, inakuwaje kwa wale ambao habari zao hazikuandikwa kabisa, au ziliandikwa kisha zikafungiwa kabatini? Hapa ndipo ninapotaka tuitazame, ndugu msomaji, habari ya Waislamu wa Afrika waliopigana vita kuu ya pili chini ya bendera ya Ufaransa, na filamu iliyowatoa kabatini.

Jeshi lililotoka Afrika

Itakumbukwa kuwa Ufaransa ilishindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940, baada ya mapigano ya wiki sita tu. Taifa lililokuwa likijinadi kuwa na jeshi kubwa kuliko yote Ulaya lilisalimu amri. Jenerali de Gaulle akakimbilia London, akasema vita havijesha. Lakini vita hupiganwa na watu, naye hakuwa na watu. Watu walipatikana wapi? Sehemu kubwa walipatikana katika makoloni: Algeria, Morocco, Tunisia, Senegal na nchi nyingine za Afrika Magharibi. Wengine waliandikishwa kwa sheria, wengine kwa shinikizo la machifu, wengine njaa iliwasukuma. Na wapo walioamini kwa dhati kwamba wakimsaidia Mfaransa kujikomboa, naye atawatambua kuwa binadamu wenzake.

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1944 majeshi ya Washirika yalikwama Italia, chini ya mlima wa Monte Cassino. Wamarekani walijaribu, Waingereza, Wahindi na watu wa New Zealand wakajaribu, wakarudishwa. Mwezi Mei mwaka huo Wapoland waliisimamisha bendera yao juu ya magofu ya nyumba ya watawa iliyokuwa kileleni, na ushujaa wao wanastahiki kuandikiwa. Ila siku chache kabla ya bendera ile kupanda, ubavuni kwa mlima huo, kikosi cha Ufaransa kilichoongozwa na Jenerali Juin kilikuwa kimeshapenya milima ya Aurunci, ambayo Wajerumani waliamini hakuna jeshi linaloweza kuipita. Waliopita ni watu wa milima ya Atlas, Wamorocco na Waalgeria, kwa miguu, wakiswaga nyumbu waliobeba risasi. Kikosi hicho kilikuwa na askari zaidi ya 100,000, na wengi wao walitoka Afrika Kaskazini.

Tarehe 15 Agosti 1944 wakashuka pwani ya kusini ya Ufaransa. Kabla ya mwezi kwisha Toulon na Marseille zilikuwa zimekombolewa. Kisha wakapelekwa kaskazini kwenye milima ya Vosges, wakapigana majira ya baridi kali, watu wa nchi za jua, hadi Alsace mpakani na Ujerumani.

Miaka 60 baadaye, mtoto wa Kifaransa alipofungua kitabu chake cha historia alikuta kuwa nchi yake ilikombolewa na Wamarekani waliotua Normandy, pamoja na Wafaransa wenyewe waliopigana kwa siri. Hao wa kusini hakuwakuta, au aliwakuta katika mstari mmoja.

Malipo yalivyogandishwa

Hapo ni upande wa heshima. Upande wa mkate ulikuwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1959, makoloni yakiwa yanajitoa moja baada ya jingine, Ufaransa ilipitisha sheria ya kugandisha pensheni za askari wake wa zamani waliokuwa raia wa nchi zilizopata uhuru. Kugandisha maana yake ni kwamba kiwango kilichokuwapo siku ya uhuru kilibaki pale pale, wakati mwenzake Mfaransa aliyekuwa naye katika handaki moja akiongezewa kadiri maisha yalivyopanda. Baada ya miaka 40 tofauti ilikuwa ya aibu. Mzee aliyepoteza mguu Cassino akiishi Oujda alipokea sehemu ndogo tu ya alichokipokea mzee aliyepoteza mguu huo huo, siku hiyo hiyo, akiishi Lyon.

Wazee hao hawakukaa kimya. Walishitaki. Mwezi Novemba 2001 mahakama ya juu ya masuala ya utawala nchini Ufaransa iliamua, katika shauri lililofunguliwa na askari wa zamani wa Senegal aitwaye Diop, kwamba ugandishaji ule ulikuwa ubaguzi. Diop mwenyewe alikuwa ameshafariki. Serikali ikajibu hukumu hiyo kwa ujanja: ikasema italipa kulingana na gharama za maisha za nchi anayoishi mzee. Yaani risasi ilikuwa na bei moja kwa wote, ila jeraha lina bei ya Dakar na bei ya Paris.

Ikaja filamu. Mwaka 2006 mwongozaji Rachid Bouchareb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alitoa filamu inayoitwa "Indigènes". Neno hilo kwa Kifaransa ni "wenyeji", lakini katika kinywa cha mkoloni lilikuwa na ladha ile ile ya neno "boi" tulilolizoea sisi. Inawafuata wanaume wanne wa Afrika Kaskazini, Saïd, Yassir, Messaoud na Koplo Abdelkader, kutoka kuandikishwa hadi kijiji kimoja cha Alsace. Katika tamasha la Cannes mwaka huo waigizaji wake wakuu watano walipewa kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Yapo matukio ndani yake ambayo hayahitaji mfasiri. Melini, askari mweusi ananyimwa nyanya kwa sababu nyanya ni za Wafaransa. Abdelkader anaziponda chini kwa buti hadi mkubwa wa kikosi analazimika kukubali kuwa risasi ya Mjerumani haichagui. Messaoud anapendana na mwanamke wa Kifaransa, anamwandikia barua, naye anamwandikia, na barua zote zinazuiwa na wakaguzi wa jeshi. Kila mmoja anaishia kudhani amesahauliwa. Huko Italia wanapandishwa mlimani ili Wajerumani wafyatue na mizinga yao ijulikane ilipo. Na mwisho, baada ya wenzake wote kufa wakikilinda kile kijiji, Abdelkader anabaki peke yake. Jeshi la Wafaransa linafika kazi ikiwa imekwisha. Mpiga picha anawapanga wanakijiji pamoja na askari hao weupe, anawapiga picha ya ukombozi. Abdelkader anapita pembeni. Kwangu mimi hilo ndilo tukio zito kuliko yote katika filamu nzima, maana linaonesha jinsi kundi zima linavyofutwa bila mtu kusema uongo hata mmoja. Picha ni ya kweli, askari ni wa kweli, wanakijiji ni wa kweli. Kamera ilielekezwa upande mwingine tu.

Inasimuliwa kuwa Rais Jacques Chirac aliitazama filamu hiyo kabla haijatoka, akaguswa. Tarehe 27 Septemba 2006, siku ile ile ilipoingia katika majumba ya sinema, serikali yake ilitangaza kuwa pensheni za askari wapatao 80,000 wa makoloni ya zamani zitalinganishwa na za Wafaransa kuanzia mwaka 2007. Waandamanaji walikuwa wamepiga kelele, mawakili wamepeleka mashauri, majaji wameamua miaka mitano nyuma. Kilichoutikisa moyo wa mkubwa ni saa mbili za sinema.

Lakini tusishangilie kabla ya kusoma maandishi madogo. Malimbikizo ya zaidi ya miaka 40 hayakulipwa. Aidha, kilicholinganishwa kilikuwa malipo ya waliopigana vitani na ya walemavu wa vita tu. Pensheni za kawaida za utumishi jeshini zilibaki nyuma hadi Baraza la Katiba la nchi hiyo lilipotoa uamuzi mwezi Mei 2010, na usawa ukaanza mwaka 2011. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: kijana wa miaka 20 mwaka 1944 alikuwa na miaka 87 mwaka huo. Wangapi walifika?

Nani alibaki nje ya mlango

Nawaambia wanafunzi wangu kuwa filamu inayofungua mlango kwa kundi moja inaweza kuwa imewafungia wengine nje. "Indigènes" inawahusu watu wa Afrika Kaskazini. Yule askari mweusi wa nyanya anaonekana kidogo, halafu hadithi inaendelea bila yeye. Na ndivyo ilivyokuwa vitani kwenyewe. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1944, maelfu ya askari kutoka Afrika Magharibi waliokuwa wamepigana kutoka pwani ya kusini waliondolewa mstari wa mbele, wakavuliwa makoti na silaha, wakapewa vijana wa Kifaransa. Sababu iliyotolewa ilikuwa baridi. Baridi ilikuwepo kweli. Lakini Ufaransa pia ilitaka ushindi uingie Ujerumani ukiwa na rangi inayofaa.

Baadhi ya wale waliokuwa mateka wa Wajerumani walirudishwa hadi kambi ya Thiaroye, nje ya Dakar. Walidai malimbikizo ya mishahara yao. Asubuhi ya tarehe 1 Disemba 1944 jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, likawafyatulia risasi. Taarifa rasmi ilisema waliokufa ni 35; taarifa nyingine ya wakati huo huo ikasema 70; wapo wanahistoria wanaosema ni mamia. Ousmane Sembène, Msenegali ambaye naye alikuwa askari wa Ufaransa katika vita hivyo, alishirikiana na Thierno Faty Sow kutengeneza filamu ya "Camp de Thiaroye" mwaka 1988. Fedha zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Filamu hiyo ilipata tuzo Venice, lakini hakuna rais wa Ufaransa aliyebadili sera kesho yake. Ilichukua hadi Novemba 2024, miaka 80 kamili, Rais Macron kumwandikia Rais Bassirou Diomaye Faye wa Senegal na kukiri kuwa yale yalikuwa mauaji ya halaiki ya askari.

Kwa nini filamu moja ifunguliwe hazina na nyingine ifungiwe milango? Jibu langu ni hili, na msomaji ana haki ya kulikataa. "Indigènes" inasimulia habari za Waislamu waliokufa kwa ajili ya Ufaransa. Inamwambia Mfaransa: hawa walikupenda, nawe hukuwalipa. Hiyo ni lawama, lakini ni lawama inayompa sifa anayelaumiwa. Na kipindi chenyewe kiliihitaji. Mwaka mmoja kabla, Oktoba na Novemba 2005, vitongoji vya Ufaransa viliwaka moto baada ya vijana wawili kufa kwa umeme wakikimbia polisi, na watoto wa wahamiaji walikuwa wakiulizwa kila siku wanafanya nini katika nchi ile. Filamu iliwapa jibu: babu zetu waliikomboa. Ni jibu zuri. Ila tujiulize, je, yule ambaye babu yake hakuikomboa Ufaransa hana haki ya kuishi kwa heshima?

Ushahidi wa ninalosema alitupatia Bouchareb mwenyewe. Mwaka 2010 alirudi Cannes na "Hors-la-loi", akiwa na waigizaji watatu wale wale. Mapema katika filamu hii tunaoneshwa Sétif, Algeria, tarehe 8 Mei 1945. Siku hiyo Ulaya ilikuwa ikisherehekea kushindwa kwa Ujerumani. Waalgeria nao waliingia barabarani wakiwa na bendera yao wakidai uhuru wao. Polisi wakafyatua risasi, ghasia zikazuka, walowezi wapatao mia wakauawa, kisha jeshi na walowezi wakalipiza kwa kuua maelfu ya Waislamu katika wiki zilizofuata. Serikali ya Algeria husema 45,000. Askari waliotoka vitani na medali vifuani walirudi kukuta vijiji vyao vimechomwa. Safari hii hakukuwa na rais aliyeguswa. Kulikuwa na maandamano mjini Cannes dhidi ya filamu hiyo, yakiwajumuisha wastaafu wa jeshi na walowezi wa zamani, na polisi waliongezwa. Mwongozaji ni yule yule na nyuso ni zile zile. Walipokufa kwa ajili ya Mfaransa walipigiwa makofi, walipopigana kwa ajili ya nafsi zao wakaitwa waongo.

Upande ambao hatuupendi

Hapa nafika mahali ambapo wanafunzi wangu huinamisha vichwa, na baadhi ya wasomaji wataona bora ningenyamaza. Muulize Mtaliano wa makamo kuhusu askari wa Morocco katika vita vile, hatakutajia milima ya Aurunci. Atakutajia filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1960, "La ciociara", iliyompatia Sophia Loren tuzo ya Oscar. Mama na bintiye wamekimbia mabomu ya Roma, wanapumzika katika kanisa lililobomoka, wanavamiwa na askari wa Kimorocco na kubakwa.

Filamu ile haikubuni jambo hilo. Baada ya kuvunjwa kwa ngome za Wajerumani mwezi Mei 1944, askari wa kikosi cha Ufaransa, hasa Wamorocco, walifanya uovu mkubwa kwa wanawake wa vijiji vya kusini ya Roma. Wahanga walikuwa wengi mno. Baadhi ya wahalifu walihukumiwa na hata kuuawa, wengi hawakuguswa. "Indigènes" inapita Italia na haisemi neno juu ya hilo.

Mwalimu wa dini afanye nini? Katika Suratun-Nisaa aya ya 135 tumeamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Aya hiyo haikuweka udhuru kwa ajili ya wanajeshi wenye majina kama yetu. Mwanamke wa Esperia aliyedhulumiwa ana haki ile ile ya kusikika aliyonayo mzee wa Oujda aliyenyimwa pensheni. Kumtetea mzee kwa kumnyamazisha mwanamke ni dhulma juu ya dhulma.

Hata hivyo, uadilifu una upande wa pili. Katika "La ciociara" wale askari hawana majina, hawasemi, wanatokea kama kundi la fisi na kutoweka. Kizazi kizima cha Wataliano kilichukua dakika zile chache kuwa ndiyo habari yote ya watu wa nchi nzima. Katika "Indigènes" wana majina, mama zao wanawalilia, na hakuna hata mmoja mwenye mikono michafu kiasi hicho. Watu wale wale, vita vile vile, sinema mbili. Mwanafunzi aliyetazama moja tu ana hakika kamili ya anachokijua, na hiyo hakika ndiyo hatari. Suratul-Hujuraat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari tunazoletewa kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Simjui mfasiri aliyeiishia aya hiyo kwenye habari za mdomo tu.

Walioachwa pwani

Kuna namna nyingine ya kufutwa ambayo haihitaji hata kumchora mtu vibaya. Mwaka 2017 ilitoka "Dunkirk" ya Christopher Nolan, filamu iliyotazamwa dunia nzima, kuhusu kuokolewa kwa majeshi ya Uingereza katika fukwe za kaskazini ya Ufaransa mwezi Mei na Juni 1940. Katika fukwe hizo kulikuwa na mamia ya askari Waislamu kutoka Punjab. Uingereza iliwaleta mwezi Disemba 1939 kupitia Marseille, vikosi vinne vya kuendesha nyumbu, kwa sababu jeshi lililotamba kwa magari lilikuta kuwa barafu na matope havijali magari. Kimoja kilitekwa na Wajerumani, vingine viliokolewa. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa hana habari nao. Hakuna aliyemdanganya. Ni ile ile habari ya mpiga picha wa Alsace.

Mwaka 2023 ilitoka filamu nyingine ya Kifaransa, "Tirailleurs", Omar Sy akiwa baba wa Kisenegali anayejiingiza jeshini mwaka 1917 ili amlinde mwanawe aliyechukuliwa kwa nguvu. Sehemu kubwa wanazungumza Kifulani, na hilo peke yake lina thamani. Siku zile zile ilipotoka, Ufaransa ilitangaza kuwa askari wazee wa mwisho wa Afrika Magharibi, waliobaki makumi machache tu, hawatalazimika tena kukaa Ufaransa miezi sita kila mwaka ili wapate posho yao ya uzeeni. Wanaweza kurudi kufia kwao. Wanaharakati walikuwa wamelidai jambo hilo kwa miaka mingi, lakini naona tarehe haikuwa bahati.

Na wetu je? Wazee wa Keya, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, waliingia Burma mwaka 1944 katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapigana na Wajapani katika bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule, hadi mto Chindwin mwezi Disemba. Lugha yao ya kazi ilikuwa hiki Kiswahili ninachoandikia. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Kabla yao, katika vita ya kwanza, wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichobaki kwa watu wa Dar es Salaam ni jina la Kariakoo, ambalo vijana wanaolitamka mara kumi kwa siku hawajui limetokana na kikosi cha wapagazi. Filamu kubwa ya watu hawa mimi sijaiona. Tunazo kamera, tunao waigizaji, kila wiki zinatoka tamthilia za ndoa na uchawi. Na ninakiri kuwa ningeogopa kidogo kama ingetengenezwa, nikijua sasa namna mlango unavyofunguliwa na kufungwa.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuuliza majumbani. Wengi walirudi mikono mitupu. Binti mmoja alileta nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe umechakaa, imefungwa katika kitambaa cha kanga. Ni nyota ya Burma. Bibi yake alikuwa ameiweka sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Tuliigeuza nyuma kutafuta jina, hakuna, kwa sababu nyota hizo Waingereza walizitoa bila kuandika jina la mtu. Bibi anasema ni ya baba yake. Kaka yake bibi, anayeishi Tanga, anasema hapana, ni ya baba mdogo, aliyekwenda na hakurudi, na medali ililetwa na mwenzake. Binti anataka nimwambie nani mkweli. Nimemwambia aende Tanga wakati wa likizo, akae na mzee huyo, na achukue daftari.